Nilivyopigia Msiba Vigelegele

Aibu yangu mimi haikai nyumbani, inatembea. Nikienda sokoni Korogwe kununua nyanya lazima atokee mtu nyuma yangu anipigie kigelegele kidogo, nikigeuka namkuta anachagua vitunguu kwa makini kama vya kupeleka ikulu. Kwa hiyo nimeona bora niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkiipata kwenye simu za watu mtaikuta imekatwa, wamebakiza pale pabaya tu (pazuri hapakuwepo, nakiri, lakini angalau mjue nilifikaje).

Mimi naitwa Rajabu, ni kinyozi. Kwetu ni Kwamsisi, Handeni, ila kiti changu cha kunyolea kiko Korogwe, na kama mnavyojua, kinyozi asiyejua kuongea atabaki kunyoa ndugu zake. Mteja akileta habari za mpira, mpira naujua, akileta za mahindi nimelima, akisema kiuno kinamuuma namtajia mti wa kuchemsha. Nimezoea kujua kila kitu kwa dakika ishirini, mpaka mtu anyanyuke.

Kati ya wateja wangu alikuwepo Mwalimu Mbawala, mstaafu, aliyefundisha Kiswahili miaka mingi na sasa anakaa Magoma. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, akabaki huku, akazikwa huku. Mwalimu ni mtu wa heshima zake, akikaa kwenye kiti anavua kofia, anaiweka gotini, kisha ananiambia, "Rajabu, nisomee vichwa vya habari, miwani nimeisahau nyumbani." Aliisahau kila alipokuja, nami sikuwahi kujiuliza ni miwani gani hiyo isiyojua njia ya Korogwe.

Tena nilikuwa na jambo langu kwake. Binti yake, Zuhura, ni fundi cherehani, ana banda lake mtaa wa pili kutoka kwangu, na sisi wawili tulikuwa tumeshaelewana, bado yeye mzee tu. Ndiyo maana Mwalimu nilikuwa namnyoa polepole kuliko watu wote wa Korogwe.

Basi siku hiyo nikamsomea gazeti, nikakuta habari kwamba ile filamu ya *Mkonge Huchanua Mara Moja* imekamilika. Riwaya hiyo hapa kwetu hata asiyesoma anaijua kwa jina, maana inahusu wakata mkonge wa huku huku, na shule zote tuliipitia. Filamu yenyewe waliipigia Magoma mwaka uliopita, kwenye shamba la zamani, wakachukua wanakijiji wacheze, mpaka ikawa ukienda Magoma ukamsalimu mtu anakujibu kwa pozi.

Mwalimu akauliza, "Na wewe uliisoma?"

Hapo ndipo ningesema "kidogo," tungeendelea na kidevu, na leo nisingekuwa na mkasa. Nikasema, "Mara saba, Mwalimu."

Ukweli ni kwamba kidato cha tatu tulikuwa na kitabu kimoja watu sita, zamu yangu Alhamisi. Alhamisi ya kwanza nikasoma sura ya kwanza. Ya pili nilikuwa na homa. Ya tatu kitabu kilirudi hakina kurasa za mwisho, zikasemekana zimeonekana kwa mama wa bagia. Lakini hiyo sura ya kwanza, jamani, naijua: kijana Mahimbo anashuka kwenye treni stesheni ya Korogwe, peku, begani ana sanduku la mbao lenye kufuli, na kila anayetaka kumpokea anamkatalia. Nikamsimulia Mwalimu hilo sanduku kwa madoido yote niliyokuwa nayo.

Akasema kwa sauti ya chini, "Marehemu baba alikuja na la namna hiyo." Halafu akaniuliza, "Na mwishoni, lilipofunguliwa?"

Nikamwambia, "Mwalimu, yale siyo ya kusema mtu akiwa na povu kidevuni."

Akacheka mpaka ikabidi niondoe wembe. "Kweli kabisa," akasema. "Hayasemwi hovyo yale." Na tangu siku hiyo nikaona ananitazama kama mtu mwenye akili, nami (Mungu anisamehe) nikafurahi.

Mwezi huohuo nikampeleka mshenga. Mshenga wangu ni Mzee Shekigenda wa Makuyuni, mtu mzima, mzoefu, barua za posa anaziandika yeye mwenyewe kwa kalamu ya wino, kazi ya kijana ni kutia sahihi. Nikatia. Akaipeleka Magoma imefungwa kwenye leso. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu Zuhura akaanza kunikwepa macho akidhani labda nimekataliwa na sisemi. Mzee Shekigenda akaenda kuuliza, akarudi na jibu moja: "Amesema ameisoma, anaitafakari. Ipite kwanza hiyo filamu."

Mkaona sasa. Posa yangu ikawa imefungwa kwenye filamu ya kitabu nisichokisoma.

Wenye filamu wakasema kabla ya kuipeleka mijini wataionyesha kwanza Magoma, kwa shukrani, Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, ndani ya ghala la zamani la mkonge. Madirisha wakayaziba kwa maturubai, ukutani mbele wakatundika shuka moja kubwa jeupe kwenye kamba. Nikafika na mshenga wangu, shati nimelipiga pasi, makubazi mapya. Mwalimu alikuwa safu ya mbele, kofia gotini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba Rajabu. Kaa karibu hapa. Leo tutaona kama wameharibu."

Ghala likajaa mpaka watu wakakaa kwenye mizani ya zamani. Filamu ikaanza, treni hiyo, stesheni hiyo, Mahimbo huyo na sanduku lake, watu wakashangilia, mimi nikawa natikisa kichwa kama mtu anayekutana na rafiki. Mara spika zikakohoa, zikakohoa tena, moshi kidogo ukatoka nyuma ya meza, kimya. Picha inaenda, sauti hakuna. Mtu wa mashine akatangaza kuwa amplifaya imeungua, wamepiga simu Korogwe, nyingine inakuja na pikipiki, tuwe wavumilivu. Watu wakakataa. "Picha iende," wakasema, "sauti itatukuta mbele."

Hapo akasimama Mwalimu Mbawala. Nikadhani anakwenda nje kupunga upepo. Akasema, "Jamani, wengine tumekuja kusikia zaidi ya kutazama. Na hapa tunaye kijana aliyesoma kitabu hiki mara saba. Apewe kipaza sauti atusimulie."

Alisema kwa majivuno, ndugu zangu. Alinishika bega mbele ya Magoma nzima. Ningemwambiaje hapana?

Kipaza sauti kilikuwepo, kile cha betri cha mnadani, kikaletwa mkono kwa mkono mpaka kwangu. Na niseme ukweli, mbali ya hofu nilikuwa na kiburi fulani, kwa sababu zamani pale Handeni mjini nilikuwa nafasiri picha za Kichina kwenye banda la video. Kichina sikijui hata salamu. Unamtazama mtu mdomo, unamtungia maneno, watu wanafurahi, na hakuna Mchina wa kukusuta. Nikajiambia kazi ni ileile. Nikasahau kitu kimoja kikubwa, kwamba kule Mchina hakuwepo, lakini hapa wote waliocheza filamu wamekaa mbele yangu na vikoi vyao.

Nikaanza. Dakika tano za kwanza nilikuwa hodari, ilikuwa bado sura ya kwanza. Kisha sura ya kwanza ikaisha.

Akatokea mwanamke mrembo, akamshika Mahimbo mkono. Nikampa Mahimbo maneno ya mahaba, mengine niliyowahi kumwambia Zuhura (nikasikia upande wa kina mama mtu anakohoa), nikasema, "Mpenzi, tangu nikuone sili ugali." Nyuma mtu akasema, "Huyo si dada yake?" Nikajifanya sijasikia. Akatokea mnyapara na fimbo, nikamfanya mjomba. Mjomba akampiga Mahimbo fimbo mbili, nikasema anamtania. Vijana wakaanza kufurahi, mmoja akapaza sauti, "Kinyozi, kwenye sanduku kuna nini?" Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, kile wanachokitafuta watu wa huku kila wakichimba choo: "Dhahabu ya Mjerumani."

Ghala likalipuka kwa kicheko. Nikamchungulia Mwalimu. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, kidole kinapapasa ukingo wa kofia.

Sasa nikawa siwezi kurudi nyuma. Kwenye shuka pakatokea uwanja wa nyumba, watu wengi, masufuria makubwa jikoni, wanawake wamejifunga kanga wamekaa pamoja, wanaume kwenye mikeka. Nikapumua. Nikajiambia hii naijua, hii ni harusi. Nikasema, "Siku ya furaha imewadia, Mahimbo anaoa," na ili niwachangamshe nikapiga kigelegele. Cha kwanza kikatoka vizuri. Nikapiga cha pili kirefu zaidi. Wanawake wawili watatu wakanipokea kwa mazoea tu, kisha wakaziba midomo. Pakatokea wanaume wamebeba kitu begani kimefunikwa kitambaa cha kijani, nikasema, "Na hicho kinachokuja ni kitanda cha bibi harusi, fundi kakimaliza leo leo."

Ghala zima likanyamaza. Siyo kimya cha kusikiliza, kimya kile cha mtu aliyemwona nyoka.

Akasimama Bibi Mwanaidi, mama mtu mzima wa palepale, akanielekezea kidole. "We mjukuu wangu," akasema, "hapo tunamzika mama yake Mahimbo. Hilo ni jeneza. Mimi nililia hapo siku mbili kwa ajili ya hiyo picha, sauti ikanikauka, leo unanipigia vigelegele?"

Nami mdomo ulikuwa bado uko wazi kwa cha tatu. Wakati huohuo, bila mimi kujua, pikipiki ilikuwa imefika na amplifaya, mtu wa mashine akaunganisha waya, na sauti ikarudi yote kwa mara moja: kilio. Kilio cha kijiji kizima, na cha Bibi Mwanaidi kikiwa juu ya vyote, na kipaza sauti changu kikajibu kwa mluzi wa kutoboa masikio.

Nikaamua kuondoka. Mtu mwenye busara angepita mlangoni, lakini mlango ulikuwa nyuma ya watu wote, nikaona nipite mbele, nyuma ya shuka, huenda kuna upenyo. Kulikuwa na ukuta. Na kamba. Mguu ukaingia kwenye kamba, nikavuta ili nijinasue, shuka likashuka lote, likanifunika, nikaanguka nikajizungusha humo mpaka nikafungwa kichwa hadi miguu. Mashine haikuzimwa, ikawa inamulika maziko palepale nilipo, na ndani ya maziko hayo yenye kilio Magoma ikamwona mtu aliyeviringishwa nguo nyeupe akiinuka taratibu na kukaa kitako.

"Maiti kaamka," mtu akasema, wala hakupiga kelele, alisema kwa huzuni tu. Safu ya nyuma yote ikapitia madirishani na maturubai yake.

Niliponasuka nilimwona Zuhura amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, nikajua analia kwa ajili yangu (alikuja kuniambia baadaye kwamba alikuwa anacheka na alishindwa kupumua). Mzee Shekigenda nilimwona mlangoni akimwambia mtu, "Simfahamu, tumekutana njiani." Lakini kilichoniuma ni Mwalimu. Alikuwa amekaa vilevile, peke yake katika safu, uso kauelekeza kwenye ukuta mtupu ambako shuka lilikuwa. Nikatoka mbio na kubazi moja.

Wiki ile niliinyoa Korogwe kwa shida. Watu walikuja kunyoa hata wasio na nywele. Jambo baya zaidi ni kwamba baada ya mimi kukimbia walitundika tena shuka, wakamaliza filamu, kwa hiyo sasa mkoa mzima ulijua mle sandukuni mlikuwa na nini isipokuwa mimi, na walikuwa wamekubaliana kuninyima. Mteja ananiuliza, "Rajabu, kwenye sanduku?" Nikisema niambie, anasema, "Si umesoma mara saba." Nilijua Zuhura nimemkosa, na nilijua nimemkosa kwa ajili ya neno moja ambalo hakuna aliyenilazimisha kulisema. Nilikuwa nikifunga kibanda mapema nisipite mbele ya cherehani yake.

Siku ya nane Mzee Shekigenda akaja, akasimama mbali na kiti. "Mwalimu anakuita. Uende peke yako. Mimi nina mahindi yangu kule."

Nikaenda. Shikamoo yangu siku hiyo haikuwa na sauti. Mwalimu alikuwa barazani, mezani kuna kitabu kimefunikwa kwa karatasi ya kalenda.

"Rajabu, umesoma mara ngapi?"

"Sura moja, Mwalimu. Mara moja."

"Kaa. Anza sura ya pili. Kwa sauti."

Jumamosi tisa nilipanda Magoma kumsomea Mwalimu Mbawala. Hakutaja posa, nami sikuthubutu. Nikiruka mstari ananirudisha, "Hapo kuna koma," bila kutazama kitabu. Mama Zuhura analeta uji, Zuhura anapita na ndoo anajifanya hanijui, mimi nasoma. Na lazima niseme, kitabu kile ni kizuri, nilikuja kujikuta katikati ya wiki namnyoa mtu huku nawaza mnyapara atamfanya nini Mahimbo.

Jumamosi ya tisa tukafika mwisho. Mahimbo ni mzee sasa, anaumwa, anamwita mkewe, anatoa ufunguo shingoni. Sanduku limekaa uvunguni miaka yote, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Mke anafungua. Nikasoma: ndani hamna kitu. Hamkuwahi kuwa na kitu. Alilibeba tupu kutoka kwao ili pale stesheni wasimwone kwamba amekuja mikono mitupu, na baada ya hapo akakosa siku ya kusema.

Sijui kama mliwahi kusoma kitu kikawa kinawatazama. Nilikaa na kile kitabu wazi nikiona povu, na kidevu, na mara saba.

Mwalimu hakunisimanga. Aliingia ndani akapapasa ukuta, akarudi na leso. Akaifungua, akatoa bahasha. Ilikuwa haijafunguliwa.

"Nisomee na hii," akasema.

Ilikuwa posa yangu.

"Nilimwambia mshenga wako nimeisoma," akasema. "Mwaka wa pili huu sioni maandishi. Miwani yoyote haisaidii, naona ukungu. Niliifundisha nusu ya wilaya hii kusoma, nikaona haya kumwomba mtu anisomee barua ya mwanangu. Ile filamu niliisikia tu, Rajabu. Uliponifikisha kwenye dhahabu ya Mjerumani nikajua kumbe tuko wawili."

Nikaifungua, nikasoma. Mzee Shekigenda alikuwa amejaza wino kurasa mbili. Tumeona ua katika bustani yako, na nini, na nini, mpaka nikafika hapa: "Kijana wetu ni mkimya, mnyenyekevu, asiyependa kabisa kujionyesha mbele za watu."

Mwalimu alianza kucheka tumboni, kicheko kikapanda mabegani, akavua kofia akajifutia machozi. Mama Zuhura akatoka jikoni kuona kulikoni.

Alipotulia akauliza, "Hii uliisoma kabla ya kutia sahihi?"

Nikaitazama sahihi yangu pale chini. "Hapana, Mwalimu."

"Basi nenda kaandike yako. Zuhura ndiye atakayenisomea."

Niliandika mistari minne, na kila mstari niliurudia kuusoma kabla sijaifunga. Zuhura aliisoma barazani mbele ya baba yake na mshenga (ambaye sasa ananifahamu tena), na jibu la ndiyo likatoka siku hiyohiyo.

Siku hizi mtu akikaa kwenye kiti changu akaniuliza kama nimesoma kitu fulani, nasema "bado," hata kama nimekisoma. Na Jumamosi bado napanda Magoma, maana Mwalimu ana kabati zima la vitabu, na vyote, namwambia wazi kabla hatujaanza, sivijui.